Shemeji Amejisamehe Deni

Msikilizaji, kama uko Kitale unapukuchua mahindi, karibu. Kama uko stendi ya Bungoma unangoja gari lijae, na makanga anakuambia amebakisha mtu mmoja tangu saa moja iliyopita, karibu pia. Leo nina ujumbe mmoja tu hapa mezani, na naona utatutosha.

Umetoka kwa mama mmoja wa Kitale. Jina lake ninalo, silitaji. Aliandika marefu, mimi nafupisha. Mume wake alifariki. Boma la wakwe zake liko upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma, lakini zamani baba mkwe na wanawe walichanga wakanunua ekari kadhaa Trans Nzoia, na huko ndiko mama anakoishi na watoto. Tangu mazishi, anayevuna ni shemeji yake, mulamwa kama tunavyosema huku kwetu. Misimu minne sasa. Mahindi yanatiwa kwenye magunia, yanapakiwa, lori linaondoka, na karo ya watoto mama anahangaika nayo peke yake. Mwishowe akaitisha kikao cha familia kule Chwele. Wazee wakaja, akina senge, yaani mashangazi, wakaja, kasisi naye akaalikwa. Mama akaanza kueleza. Hajafika hata nusu, shemeji akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiingereza: "Let bygones be bygones." Makofi. Kasisi akaomba. Soda zikafunguliwa.

Mama anaandika: "Hata mimi nilipiga makofi. Matatu ilipofika Kamukuywa ndipo nikaanza kujiuliza nilikuwa napigia nini. Naomba unieleze maneno hayo maana yake nini, na kama yana nguvu ya sheria."

Mama, mambo ya sheria waulize mawakili. Maneno ndiyo kazi yangu.

Na nianze na swali ambalo hukuuliza: kwa nini Kiingereza? Kikao kizima, naamini, kilikuwa kwa Kibukusu na Kiswahili. Mahindi yalitajwa kwa Kibukusu, karo ikatajwa kwa Kiswahili. Ilipofika saa ya kufunga hesabu, mulamwa akavaa Kiingereza kama alivyofunga lile koti. Nimehudhuria harambee, matanga na mikutano ya bodi za shule kiasi cha kuijua desturi hii. Kiingereza kwetu kina kazi ya kufunga mlango. Angesema kwa Kibukusu, "tuyaache hayo," senge mmoja angemjibu hapo hapo, "yapi hayo, na magunia mangapi?" Lakini sentensi ya Kiingereza ikidondoka katikati ya kikao, inaonekana kama imetoka ofisini ikiwa na mhuri. Nani ataihoji?

Basi tuihoji sisi. "Bygone" ni maneno mawili yaliyoshikamana: kando, na kwenda. Kilichopita kando yetu kikaenda zake. "Let bygones be bygones" ni kusema yaliyokwenda yaachwe yaende. Mpaka hapo mulamwa yuko sawa. Ila neno lenyewe lina historia. Katika Kiingereza cha Uskoti, katika hati za zamani, lilitumika pia kwa pesa: kodi ya shamba ya mwaka jana ambayo haikulipwa, ada iliyobaki nyuma. Kwa neno letu moja, malimbikizo. Mwalimu yeyote wa Bungoma aliyewahi kungojea nyongeza ya mshahara iliyocheleweshwa analijua neno malimbikizo kama anavyojua jina la mtoto wake wa kwanza.

Lichukue neno kwa maana hiyo, kisha usikilize tena sentensi ya mulamwa. Malimbikizo na yabaki malimbikizo, tusiyadai. Ni nani anayeweza kusema hivyo? Mwenye shamba anaweza kumwambia mpangaji, mwenye duka anaweza kumwambia mteja. Wao wanadai, kwa hiyo wao wana kitu mkononi cha kuachilia. Mpangaji akisimama mbele ya mwenye shamba na kutangaza kwamba kodi ya mwaka jana imeshapita, tusonge mbele, kwa lugha gani huo utaitwa msamaha?

Yupo mtu mmoja wa Uskoti ambaye hutajwa kila mara historia ya usemi huu inaposimuliwa: Samuel Rutherford, mhubiri aliyeondolewa kwenye kanisa lake mwaka 1636 akapelekwa kukaa Aberdeen. Katika barua zake za huko aliwasihi rafiki zake wamwombee, ili ya nyuma kati yake na Mola wake yahesabiwe kuwa yamepita. Rutherford alijiona mdaiwa, na kwa sababu alijiona mdaiwa aliomba. Hakufunga kifungo cha koti.

Sasa tuje nyumbani. Watafsiri wetu, na walimu wa Kiswahili, wakikutana na usemi huu wa Kiingereza hukimbilia methali tunayoijua wote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hata mimi shuleni nilifundishwa hivyo, nikapewa alama. Leo naomba kurudisha alama zile. Kiingereza kinazungumza juu ya mambo yaliyoondoka. Methali yetu inazungumza juu ya ugonjwa. Ndwele ni maradhi. Kuganga ni kutibu, ndiyo maana tuna mganga. Methali inasema yaliyopita hayaumi tena, basi dawa tuliyo nayo tuielekeze kwa yanayokuja. Maana yake kuna mtu amekwisha kumtazama mgonjwa. Amebonyeza pale palipokuwa na jeraha, akauliza, "hapa vipi?" na mgonjwa akajibu, "hapaumi." Methali ni majibu ya uchunguzi. Ukiisema kabla ya kubonyeza, na mgonjwa bado analia, unamfunga bendeji juu ya usaha, na Kiswahili kina jina la kitakachofuata: donda ndugu.

Tena tuna methali nyingine, fupi, ambayo wazee wa pwani waliiweka karibu na hiyo kana kwamba walijua kina mulamwa watakuja: dawa ya deni ni kulipa. Hata deni limehesabiwa kuwa ugonjwa, na dawa yake imetajwa. Ni moja tu.

Unaweza kusema mtangazaji anakuza mambo, mahindi ya familia moja ameyapeleka hadi Uskoti. Subiri basi tuyapeleke Kapenguria, ni karibu zaidi.

Kapenguria iko umbali usiofika kilometa 40 kutoka Kitale. Mwishoni mwa mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa huko, na kwa kuwa Kapenguria ilikuwa kijiji kisicho na hoteli, mawakili walilala Kitale, mji wa walowezi. D. N. Pritt, wakili aliyetoka London kuwatetea, alikuwa akienda na kurudi kwa barabara ya vumbi. Wenzake Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kulala alikolala yeye. Hukumu ikatolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka 7 ya kazi ngumu.

Miaka 10 ikapita. Tarehe 12 Agosti 1963, Kenyatta, sasa Waziri Mkuu, akasimama Nakuru mbele ya mamia ya walowezi wazungu. Walikuja wakiwa na hofu, na baadhi walikuwa wameshaanza kuuza mashamba. Akawaambia tusameheane, akawaomba wabaki walime. Walimaliza kwa kuitikia "Harambee" pamoja naye. Kiingereza cha siku zile kilikuwa "forgive and forget", ndugu wa damu wa "bygones" yetu ya leo.

Mimi siyabezi maneno yale. Mtu aliyezuiliwa kuanzia Lokitaung hadi Lodwar ana haki ya kusamehe miaka yake. Alikuwa anadai, akaachilia, na nchi ikapumua. Taabu inaanza pale aliposamehe na ya wengine. Mashamba ya Trans Nzoia hayakuwa yake kuyasamehe. Kulikuwa na watu waliozaliwa ndani ya mashamba hayo wakiwa maskwota, wazazi wao wakipangiwa idadi ya ng'ombe, na wao pia walikuwa na daftari lao la madai. Daftari hilo hakuna aliyelifungua. Uhuru ulipokuja, ardhi ikawa inanunuliwa, kwa mkopo, na aliyekuwa na pesa au kikundi cha kuchangia akanunua. Ndivyo baba mkwe wako, mama, alivyopata zile ekari. Bildad Kaggia alihukumiwa Kapenguria siku ile ile, miaka 7 ile ile, na yeye alitaka ardhi wapewe wasio nayo bila malipo. Mwaka 1964 akaondoka serikalini kwa sababu ya msimamo huo. Watu wawili waliokula sahani moja ya jela, mmoja anasema yamepita, mwingine anasema bado.

Na upande wa Bungoma alikuwapo wa tatu, ambaye hata Kapenguria hakuhitaji kufika. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira hodari katika ujana wake, kisha kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1895 Waingereza, chini ya Hobley, waliwapiga Wabukusu katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo, na wengi wakafa. Miaka 52 baadaye, 1947, Masinde akawapeleka maelfu ya watu pale pale Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Fikiria wewe ni DC wa Kiingereza. Vita ulishinda nusu karne iliyopita, watoto wa walioshindwa wanasoma shule zako, halafu siku moja unaambiwa watu wamejaa kilimani wanawalilia babu zao. Kwa mtu mwenye deni, hakuna kinachotisha kama mdai anayekumbuka tarehe. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu, mwisho mwingine wa nchi. Serikali ya Uhuru ilikuja kumwachia ibada yake kidogo, kisha ikaipiga marufuku tena mwaka 1968, naye akaendelea kuingia na kutoka jela akiwa mzee. Alifariki mwaka 1987. Mpaka leo Bungoma ukilitaja jina lake, mtu hushusha sauti kwanza ndipo aendelee.

Hapa nipumue kidogo, niseme jambo la kando. Sisi wa redio ni wanafiki katika suala hili. Jumapili mchana tunawapigia zilizopendwa, tunawaambia ya kale ni dhahabu, tunasoma salamu za watu wanaolia kwa kukumbuka densi ya mwaka 1972. Jumatatu asubuhi msikilizaji akipiga simu kuuliza shamba la babu yake lilikwenda wapi mwaka huo huo wa 1972, tunamwambia, ndugu, hayo yamepita, tuwapishe wengine.

Turudi. Sehemu ya Mlima Elgon iko ndani ya kaunti ya Bungoma, na ukisimama Kitale asubuhi isiyo na ukungu unauona mlima wote. Kule ugomvi wa mpango wa makazi wa Chebyuk, nani apewe kipande na nani anyimwe, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi hilo liliua watu zaidi ya 600 kuanzia 2006. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na likatuhumiwa kutesa na kuwapoteza wanaume ambao familia zao hazijazika hata shati. Serikali ilikanusha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja mwaka 2011 kusikiliza, na kina mama wakasema waliyoyaona.

Wakati huo huo kesi moja ilikuwa imefika Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ilifunguliwa mwaka 2010 na shirika la Independent Medico-Legal Unit kwa niaba ya watu wa Mlima Elgon. Machi 2012, kitengo cha rufaa kikaamua kwamba kesi ilichelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2. Ukishapita muda huo, mlango umefungwa. Sina ugomvi na majaji, kifungu kipo na wao ndio wasomaji wake. Ila hebu ona: mtu ambaye mwanawe hajulikani alipo, kwake yeye yaliyopita yamepita lini? Siku aliyochukuliwa? Siku aliyoacha kumwekea chakula? Miezi 2 unaianza wapi kuhesabu?

Mwaka 2013, baada ya uchaguzi wa Machi, Kiingereza kikatuletea ufunguo mpya wa mlango ule ule, "accept and move on". Kiswahili cha mtaani kikaufuata: kubali yaishe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Hapo nilisimama nikapiga makofi, nakiri. Kwa mara ya kwanza mdaiwa alikuwa ameomba badala ya kutangaza, tena alitaja kiasi. Alimaliza muda wake 2022, na pesa za mfuko ule kina mama wa Mlima Elgon walikuwa hawajaziona.

Ya sukari nitayapitia mbio tu, maana nikianza hatutamaliza. Mwaka 2023 Bunge lilikubali kufuta madeni ya viwanda vya sukari vya umma, Nzoia kikiwamo, zaidi ya shilingi bilioni 100. Sawa, serikali ilikuwa inadai, serikali ikasamehe. Lakini mkulima wa miwa wa Bungoma hakuwahi kuulizwa kama na yeye angependa yaliyopita yapite, na hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Sasa, mama, kuna kitu mulamwa anakijua vizuri kuliko Kiingereza chake. Anajua lufu. Anajua kwamba kwetu mtu akishazikwa, familia hukaa, na katika kikao hicho madeni ya marehemu hutajwa mbele ya watu. Anayemdai asimame. Aliyekuwa anadaiwa na marehemu naye asimame. Waislamu wa pwani hufanya jambo hilo hilo kabla ya jeneza kuondoka, kwa kuuliza ni nani anayemdai maiti, ajitokeze kwa wafiwa. Na mzee wa heshima wa Kibukusu akifa, hualikwa mwenye kuswala kumuse, msemaji wa matanga. Hutembea katikati ya umati na fimbo yake, akasimulia ya ukoo tangu mbali: nani alimkosea nani, nani alihama kwa sababu gani, damu ya nani haikulipwa. Jina la Manguliechi, aliyesifika kwa kazi hiyo, bado linatajwa kila mahali. Watu hukaa kwenye jua wakasikiliza ya miaka mia, halafu ndipo wanasemeshana, ndipo wanakula. Hakuna anayemwambia mzee apunguze. Wazee wale walitaka amani kuliko sisi, ndiyo maana walianza na hesabu.

Waingereza wana usemi mwingine, wa maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja, na najua mulamwa atautoa mfukoni ukimbana. Uwe na jibu tayari. Mto Nzoia unapita pale Moi's Bridge, ambapo zamani paliitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi aliyejenga daraja lile. Maji yakishapita pale, ni kweli, daraja limeachana nayo. Yanashuka Webuye, yanapita Mumias, na mvua ikizidi yanaingia ndani ya nyumba za watu Budalang'i. Muulize mtu wa Budalang'i kama maji yamepita.

Umesema kikao kitarudiwa baada ya mavuno. Nenda. Beba daftari: misimu minne, kila msimu magunia mangapi, na bei ya gunia mwaka huo. Waombe wazee wale wale waje, na senge yule mkali usimwache nyumbani. Msomee mulamwa ukurasa kwa ukurasa, kwa Kibukusu, polepole. Akilipa, vizuri. Akishindwa kulipa yote akakuomba, mtazame machoni uone kama anaomba kweli, na ukiridhika, yale maneno ya Kiingereza yaseme wewe. Ukikosea matamshi hakuna neno.

Na soda safari hii anunue yeye.